Nzuki na Maswali Mia Nne

Nzuki alikuwa amefanya maswali mia nne na kumi na mawili ya kompyuta, yote kimya kimya, nyuma ya kaunta ya agroveti ya Muturi, duka la dawa za mifugo alikoajiriwa pale Noonkopir, kati ya dawa ya minyoo na chumvi ya ng'ombe. Ni yale maswali kampuni za programu hupenda kuuliza kwenye intaviu: tafuta njia fupi kati ya miji isiyokuwepo, geuza juu chini mti ambao haujaota popote. Waliofaulu wanasema ukishaajiriwa huulizwi tena. Ni kama jando: mara moja tu, na usipepese jicho.

Intaviu mbili alishaanguka. Zote alipata majibu sahihi ya maswali, na zote wasaili wakamwandikia kwamba hawakuweza kufuata mawazo yake. Shuleni kwao ukifungua mdomo kabla ya kupata jibu ulichapwa. Sasa watu wazima walitaka aropoke ndio wajue anafikiria. Ilibaki ya tatu, Alhamisi ya wiki tatu mbele, saa nne asubuhi. Muturi alikuwa amempa mpaka Ijumaa yake: akikosa hiyo kazi, aende kusimamia duka lake jipya la Kisaju, na aweke sahihi mkataba wa miaka miwili. Muturi hakuwa mtu mbaya. Alichoka tu kuona dawa ya kupe ikipimwa na mtu ambaye macho yake yako kwa laptopu.

Basi Nzuki akatafuta mtu wa kujizoeza naye kufikiria kwa sauti. Akampata Kisemei, mfugaji wa rika lake, mteja wa kununua kitu kimoja na kukaa masaa mawili. Kisemei akajiweka juu ya gunia la chumvi, akasema hiyo ni kitu rahisi. Kwao mtu akitoa habari, anaanza kule alikotoka, na mwenye kusikiliza anamwitikia kila kituo. Ukinyamaza, umemtukana.

"Kuna mikutano," Nzuki akaanza.

"Ee."

"Kila mkutano uko na saa ya kuanza na saa ya kuisha."

"Ee."

"Nataka kujua ni vyumba vingapi vitatosha."

"Ee. Lakini weka ng'ombe na birika za kunywea maji, bro. Hiyo mikutano inanilaza."

Wakaweka ng'ombe badala ya mikutano, na birika badala ya vyumba. Kwa wiki tatu ile "ee" ilimsukuma Nzuki kama mkono mgongoni, na ulimi ukafunguka, mpaka akawa anaeleza swali kama shangazi anayesimulia harusi iliyoharibika.

Alhamisi Muturi akamwachia stoo afanyie intaviu kwa laptopu. Msaili alikuwa mhandisi mmoja anaitwa Makena. Alimsalimia vizuri, akazima kamera, akasema atazima pia maikrofoni, ili kelele ya vidole vyake akiandika isimsumbue. Kisha likaja swali, na Mungu si Athumani, lilikuwa lile lile la vyumba.

Nzuki akasema sentensi ya kwanza. Akatulia.

Kimya.

Alikuwa anangoja kuitikiwa. Makena, kule aliko, akasikia mtu aliyekwama. Akawasha maikrofoni, akampa dokezo kwa upole. Lilikuwa jambo lile lile Nzuki alitaka kusema. Akashukuru, akasema sentensi ya pili, akatulia tena, na dokezo la pili likaja. Alijua kabisa kinachotokea. Alikuwa kama dereva anayetazama gari lake likirudi nyuma polepole kuelekea ukutani, na mguu unakataa kukanyaga breki. Kufika mwisho alikuwa amepewa madokezo saba, yote ya vitu alivyovijua. Programu ilifanya kazi bila kosa hata moja.

Barua pepe iliingia saa kumi. Jibu ni zuri, walisema, lakini mwombaji alihitaji kusaidiwa kila hatua. Ajaribu tena baada ya mwaka.

Aliisoma mara mbili, akangoja kuumia, kama mtu anayepapasa kwa ulimi jino lililopigwa ganzi. Hakuna. Mama mmoja akaingia kuuliza vitamini za kuku. Akamhudumia, akamweleza kipimo, akamrudishia chenji.

Jioni Kisemei akapita, akasimuliwa yote.

"Kwani huyo dada alikuwa amekaa tu?"

"Alikuwa anasikiliza."

"Sasa wewe ungejuaje?"

Nzuki akasema wenye hizo kazi husikiliza hivyo. Kisemei akaangalia viatu vyake.

"Basi ni mimi nimekuharibia."

"Hapana," Nzuki akasema. Hakuwa na nguvu ya kumlaumu mtu.

Ijumaa akaweka sahihi. Muturi akampeleka Kisaju mwenyewe, akafungua mlango. Katoni mia mbili zilikuwa zimemwagwa sakafuni, dawa juu ya mbegu, mbegu juu ya vyakula vya kuku.

"Panga vile unaona," Muturi akamwambia. "Mimi sikuingilii."

Nzuki alizijua njia nane ambazo kompyuta hupanga vitu, na muda ambao kila moja hula. Akavua koti, akaanza na katoni iliyokuwa karibu na mguu.