Niliiba Baraka ya Dada, Sasa Nalea Mapacha

Kosa ni langu, wala msinitafutie shetani wa kumsingizia. Naandika nikiwa na mtoto kwenye titi hili na mwingine kwenye lile, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi ni wa hapa Gede, wakati huo mama wa watano, na nepi nilishazigawa zote. Dada yangu mkubwa ana miaka kumi kwenye ndoa na hajajaliwa hata mmoja. Hilo sikuliona. Nilichoona ni kwamba tangu utotoni kila kitu huanza kwa Dada: nguo mpya Dada, paja la kuku Dada.

Basi nikasikia nyanya yetu, Hawe, kipofu anayeishi kule Vitengeni, amemwita Dada Jumamosi ambariki. Kwetu Wagiriama mzee hukutemea maji kifuani huku akinena, na neno likishatoka limetoka. Roho ikaniuma. Nikajua tu ni ile minazi yake anamwachia. Nikajiambia, mbona Yakobo alimzunguka Esau, na Mungu akamchagua yeye huyo huyo mdogo?

Nikaiba leso ya Dada kambani, ile inayonuka mafuta ya mahamri anayouza, nikajitanda, na saa moja asubuhi niko mbele ya Hawe.

Akaipapasa leso, akainusa. "Mbona sauti yako leo nyembamba?"

"Mafua, Hawe."

Nusura nicheke. Akapiga funda la maji, akanitemea kifuani. "Tumbo hili lifunguke. Lijae, lijae maradufu."

Jamani. Tumbo? Na minazi je? Nikabaki maji yananichuruzika, sina uso wa kusema si mimi.

Dada alifika saa nne, akaambiwa ameshabarikiwa, na baraka hairudiwi. Jioni akaja kwangu, akaikuta leso yake mbichi imeanikwa mlangoni. Hakupiga kelele. "Una watano," alisema. "Hata baraka hii moja hukuweza kuniachia?" Akaondoka, na ikawa miezi hanisemeshi. Nililia kwa aibu, nawaambia kweli.

Mwezi uliofuata nikaanza kutapika. Daktari akasema wako wawili. Mume wangu alikaa chini kwenye sakafu ya kliniki, na mpaka leo sijui alikuwa analia au anacheka.

Walipozaliwa niliwabeba hadi kwa Hawe, nikamwita na Dada, nikasema yote. Hawe alicheka mpaka akapaliwa. "Kipofu ni mimi, mjukuu wangu. Mungu hapapasi leso."

Nikamgeukia Dada nimwombe radhi, machozi yananitoka, naye akanisukuma kwa kiuno. "Hebu nipishe nikae. Tumbo la miezi minne hili, miguu inaniuma."

Na hata tone la maji hajatemewa! Nilipiga vigelegele mpaka mapacha wakaamka wote wawili.

Wenzangu, wivu uacheni. Na kama umekushinda kuuacha, basi kabla ya kuiba baraka ya nduguyo, uliza kwanza ni ya nini.