Kofia ya Mzee Gondo

Huko Gutu, mtu wa ukoo wa Gondo hazikwi mpaka mtani wake amwigize. Watani wao ni akina Murove, tangu enzi za mababu. Mtani anavaa nguo za marehemu, anatembea mwendo wake, anamsema mbele ya jeneza, na watu wanacheka wapende wasipende. Kazi hiyo ilikuwa ya Zvidzai Murove. Dada yake, Chenesai, kazi yake ilikuwa kulima karanga na, kwa maneno ya kaka mtu, kujisumbua bure.

Maana mama huyu alikuwa na tabia yake. Kila akipalilia alijiuliza: wakiniita mimi leo, naanza na nini? Akawa anawatazama watu. Nani anashika kiuno kabla ya kukaa, nani anaanza kukohoa mgeni akitokea saa ya chakula. Majirani walimwona shambani akitembea kama mwenyekiti wa kijiji, jembe begani, tumbo mbele, wakasema jua limempanda kichwani. Zvidzai naye hakumwacha.

"Dada, unajipamba kwa harusi ambayo hujaalikwa," alimwambia.

Chenesai alicheka, akaendelea kupalilia.

Basi Mzee Gondo akafariki, mvua za Februari zikiwa zimepamba moto. Mto ukafurika, Zvidzai akakwama ng'ambo. Asubuhi ya mazishi alimpigia dada yake simu, na safari hii hakuwa na kejeli hata chembe. Alimwomba aende yeye.

Akaenda. Mhazo, mdogo wake marehemu, alipomwona akakunja uso: wao wanamsubiri mwanamume, hata kama ni wiki. Wiki gani, jamani! Mjane, Mai Netsai, yaani mama yake Netsai, alikuwa siku ya tatu hajatoa chozi, hajagusa sadza, ugali wa kwao, macho ukutani. Kila mtu pale aliogopa jambo moja tu, kwamba mama huyu atamfuata mumewe. Na ni yeye aliyefungua mdomo.

"Mpeni kofia," alisema.

Chenesai akavaa kofia na koti. Akakaza mkanda mara tatu kama mzee alivyofanya kila alipotaka kugomba. Akainua kidole, akahesabu ng'ombe zizini na kumtukana kila mmoja kwa jina lake. Watu wakacheka kidogo, kwa adabu. Mai Netsai hakugeuka. Yote aliyojiandalia shambani yalikuwa yamekwisha.

Hapo ng'ombe mweusi akatoa kichwa juu ya ua wa zizi, akalia.

Huyo alikuwa ng'ombe wa umama. Aliletwa na mkwe binti yao Netsai alipoolewa, na ng'ombe wa namna hiyo ni wa mama wa bibi harusi peke yake. Baba akimchezea, anajiitia balaa kutoka kwa mizimu ya ukweni. Mzee Gondo, aliyegombana na kila mtu mpaka mchungaji, alimwogopa ng'ombe huyo kuliko radi. Akimkuta njiani alipita porini. Chenesai alikuwa amemwona mzee akimkwepa hivyo mara moja tu, miaka mingi nyuma, wala hakuwahi kufikiri kwamba jambo lile lingemfaa siku moja.

Hakungoja. Akavua kofia, akaikumbatia kifuani, akapiga magoti kwenye tope mbele ya ng'ombe.

"Mama mkwe, shikamoo. Naomba kupita. Nikikuudhi, mke wangu ataninyima chakula."

Kicheko kilianzia kwa Mai Netsai. Alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha kicheko kikageuka kilio, akalia kilio chote cha siku tatu. Akamfuata Chenesai pale kwenye tope, akamshika mabega.

"Umerudi kunichekesha, Marufu," alimwambia, kwa jina la mumewe. "Ahsante, baba. Sasa nenda."

Wakamzika mchana ule. Mai Netsai akaomba sadza, akala, akaomba tena. Mhazo alikuja mwenyewe na maji, akamnawisha Chenesai tope la magotini, na Chenesai alishukuru moyoni kwa kila mstari wa karanga aliowahi kupalilia.

Jioni alirudisha koti. Kofia Mai Netsai aliikataa.

"Kaa nayo. Na siku yangu ikifika sitaki kaka yako, nakutaka wewe. Anza kunitazama."

"Nilishaanza zamani, mama," alisema Chenesai.