Muhuri wa Zdenka

Vitabu vya matembezi vya Bohumila Vacková, ambaye wote walimwita Mila, vilijaa mihuri, na hakuna hata mmoja wa bure. Kila mwisho wa matembezi ya chama chao kiongozi wa siku hiyo hugonga muhuri aliouchonga mwenyewe, na asiyefika hagongewi. Mila alikuwa hajakosa hata mmoja kwa miaka thelathini na moja: alikwenda na mafua, akaenda na goti bovu, akaenda hata wiki tatu baada ya kumzika mumewe Lubomír mwanzoni mwa Novemba iliyopita.

Machi hii kiongozi alikuwa Zdenka, shoga yake wa chanda na pete. Baridi iling'ata masikio, na watu arobaini walipokezana chupa ya chai yenye ramu.

"Zdenka, unatupeleka Siberia?" mzee Kvido alipayuka.

"Funga mdomo, utembee! Leo nitawashangaza."

Penye msalaba wa mawe wakakata kushoto, na Mila akaitambua njia. Lubomír ndiye aliyepaka alama za njia kwenye miti ya wilaya nzima, ila njia hii aliiacha makusudi. Mwisho wake kuna bonde ambalo theluji ikianza tu kuyeyuka hufunikwa na maua meupe, na walikuwa wakienda kuyatazama wawili peke yao. Siri hiyo Mila alimwambia mtu mmoja tu, siku ya maziko, akimlilia begani.

Alimkimbilia Zdenka akamshika mkono. "Si huku. Uliniapia!"

"Jamani, Mila! Lubo hayupo. Maua unamfichia nani?"

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ila hawakusema kitavaa kofia nyekundu na kupuliza filimbi. Watu waliteremka na mabuti yao. Mke wa Kvido akachuma fungu zima. Mila alisimama juu akiumia kama aliyeibiwa huku anatazama.

Kisha foleni ikapangwa.

"Mila wangu, lete kitabu, wewe wa kwanza!"

Kwa mazoea alikuwa ameshakifungua. Muhuri ulikuwa na ua, na chini yake maneno: BONDE LA ZDENKA.

"Umeuchonga lini?"

"Novemba, shoga. Mvua ile, sikuwa na kazi."

Novemba. Bega lile lilikuwa halijakauka machozi. Mila alikifunga kitabu kabla hakijagongwa, akakirudisha mkobani, akapanda njia peke yake.