Kiswahili changu cha Tanga mbele ya jaji

Jamani, aibu hii naitoa mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu, maana nyie mnanijua, wanasema mdomo uliponza kichwa, na changu mie hakijawahi kupona hata siku moja.

Barua iliponifikia huku ughaibuni, Hounslow, kwamba natakiwa mahakamani niwe mmoja wa watu kumi na wawili wa juri (wale raia wa kawaida wanaokalishwa kusikiliza kesi na kuamua kama mtu ana hatia au hana), nilijiona nimekuwa kadhi. Wenzangu wa dukani kule uwanja wa ndege nikawaaga kama naenda Hija, na koti nikalipiga pasi mara mbili.

Kesi yenyewe ilikuwa ya mama mmoja wa Kongo, mtu mzima, msafishaji, aliyeshitakiwa kuiba mkufu wa dhahabu wa bibi kizee wa kwao aliyekuwa akimsafishia nyumba. Bibi alishafariki, kwa hiyo aliyebaki kusema kilichotokea ni yule mama peke yake, naye alishikilia kwamba mkufu alipewa. Nani angemfungulia tena mlango akafagie kwake, akishaandikwa mwizi? Na jela nayo ilikuwa inamsubiri. Alikuwa akisema Kiswahili, na pembeni yake mkalimani, binti wa hukohuko kwao, anageuza kwa Kiingereza.

Sasa kosa lilianza na kitu kidogo tu. Siku ya kwanza jaji alituuliza kama kuna anayemfahamu mtu yeyote katika kesi, nikatikisa kichwa, na habari ya lugha hakuiuliza, nami nikanyamaza nayo (moyoni nasema, mwana wa Tanga nimekaa humu, nani atanidanganya kwa Kiswahili).

Siku ya pili mama akaulizwa mkufu aliupataje. Akajibu taratibu, "Alifungula kisanduku, akaniambia kamata. Mi nikakamata."

Binti akageuza: alifungua kisanduku, akaniambia pokea, nikapokea.

Pokea? Damu ikanipanda. Kwetu hiyo kamata ukiisikia sokoni ujue kuna mtu anakimbia na pochi ya mwenzie na watu wako nyuma yake, kamata, kamata, basi nikaona kila kitu, bibi wa watu alipiga kelele mwizi akamatwe na huyu binti anamfichia mtu wa kwao. Tena tulishaelezwa kwamba ukiwa na jambo unaliandika kwenye karatasi, unampa karani, anampelekea jaji, lakini karatasi niikumbuke wapi, nikashtukia nimeshasimama.

"Mheshimiwa, anatafsiri vibaya," nikasema kwa Kiingereza changu chote. "Kamata siyo pokea. Bibi alikuwa anaita watu wamshike mwizi."

Mzee mmoja wa juri aliyekaa kando yangu akanivuta mkono wa koti nikae, sikukaa. Na kwa kuwa kazi ya mkalimani ni kutafsiri kila linalosemwa, yule binti akamwinamia mama akamgeuzia maneno yangu moja baada ya jingine, na mama akaniangalia, machozi yakaanza kumtoka. Binti akachomoa kitambaa cha karatasi, akamnyooshea, akamwambia kwa sauti ya chini kama anayesema na mamake mzazi, "Kamata, mama."

Akakipokea, akajifuta.

Jamani. Nikakaa bila kuambiwa.

Jaji akatutoa nje, na tuliporudi binti akaapishwa, akaeleza kwamba kwao Kivu hata chai ukimpa mgeni unamwambia kamata. Kisha jaji akanigeukia (upole wake uliniuma kuliko angenikaripia) akasema ushahidi ni ule unaosikiwa na wote, siyo ule mtu mmoja wa juri aliokuja nao kichwani. Nikangoja kufukuzwa, sikufukuzwa.

Kesho yake mama akaambiwa hana hatia. Tuliyosemezana sisi wa juri kule chumbani tulikofungiwa kuamua siwaambii hata mkinipikia pilau, sheria ya huku inakataza. Ninachowaambia ni kwamba nilipanda basi nikalia hadi kituo cha mwisho, kilio cha kushukuru. Maana fikirini, ningekuwa mtu wa adabu, nikanyamaza pale ukumbini, nikasubiri mlango ufungwe, mama hayupo, binti hayupo, kitambaa hakipo, watu kumi na mmoja hawajui Kiswahili hata neno, mtaalamu ni mie. Wangeniamini. Na mie nisingejua hadi leo.

Nimeapa, Kiswahili cha mtu sikikosoi tena kabla sijamuuliza kwao ni wapi, na karatasi nikiambiwa niandike, nitaandika. Lakini mdomo wangu sitautukana sana, maana siku ile, badala ya kuponza kichwa, uliponya. Tena hata hakikuwa changu.