Makala Yasiyotoa Moshi

Nimeua mtoto wangu kwa akili nyingi. Baada ya hapo nikamwacha mwanamke asiye na kosa aitwe mlozi. Ya kwanza niliitenda bila kujua. Ya pili niliitenda nikijua kabisa!

Mimi ni karani hapa Kolwezi. Shule niliiacha mapema. Mengine nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu. Ukutani nilikuwa na kipimajoto, na kila asubuhi niliandika joto la chumba katika daftari. Majirani walioota moto wa mbabula, jiko la makaa, nje na kuacha mlango wazi niliwaita basenji, washenzi. Mjinga gani anapasha uwanja moto?

Mke wangu alijifungua mtoto wa kiume katika majira ya baridi, wakati nyasi huamka na barafu nyeupe. Mama yake akaja kwa treni kutoka Kasai kumsaidia. Kampuni ilikuwa imetupa nyumba mpya ya matofali, yenye dirisha la kioo. Nikapika uji wa unga wa muhogo uwe gundi, nikabandika magazeti kwenye kila ufa, hata chini ya mlango wa nyuma. Kazi safi! Siku mbili nzima!

Makala, yaani makaa ya miti, niliyawasha nje kama watu wote. Moshi ukiisha na makala yakiwa mekundu, niliingiza mbabula chumbani na kufunga. Nilijiambia kwamba sumu ni moshi. Moshi haupo, basi sumu haipo. Hilo sikulisoma popote. Nililitunga mwenyewe, nikaliamini kama andiko.

Siku ya tatu nilikuta gazeti la dirishani limechanwa.

"Ni mi nilipasula, tata," mama mkwe akasema, macho chini. "Kichwa inaniluma humu. Tufungule dirisha kiloko, kidogo tu."

"Mama, hapa hatuko mu nyumba ya majani. Unaona moshi?"

"Moshi hapana."

"Sasa unaogopa nini?"

"Mi nilizaa batoto munane, tata. Mbabula hatufungiake nayo mu nyumba."

Kwetu mtu hamkemei mama wa mke wake. Hata kumtazama usoni ni aibu. Mimi, msomi, nilimkemea mbele ya binti yake! Nilimwambia anataka kuua mjukuu kwa baridi. Nikabandika gazeti jipya, tena mara mbili, nikaenda ofisini nimeridhika.

Kabla ya saa sita walikuja kuniita. Mama mkwe alikuwa uani akifua nepi. Aliporudi ndani alimkuta binti yake sakafuni, akamvuta nje kwa mabega. Mke wangu alitapika, akazinduka. Mtoto hakuzinduka. Midomo yake ilikuwa myekundu, mizuri, kama ya mtoto aliyeshiba.

Muuguzi wa hospitali aliitazama ile midomo, akaniuliza: "Mbabula ilikuwa ndani? Dirisha je?"

"Ilikuwa wazi," nikajibu.

Ona mtu wa vitabu!

Matangani watu walianza kunong'ona. Jirani mmoja akanivuta pembeni: "Bwana karani, juu ya nini yeye peke yake alikuwa inje? Alijua! Ule mumama alikula mujukuu wake."

Miaka yote niliwacheka watu wanaosema ulozi. Siku ile ulozi ulinifaa. Kama si yeye, ni mimi. Na wakaguzi wa nyumba wa kampuni walikuwa wamenisifu mbele ya kambi nzima ya wafanyakazi. Nilitazama viatu vyangu. Nikanyamaza.

Usiku ule niliondoa magazeti yote, nikayachoma.

Walimpeleka stesheni bila mtu wa kumbebea mzigo. Mke wangu alipanda naye na hajarudi. Nasikia kijijini kwao wanawake huwafunika watoto wao mama mkwe anapopita. Alilea wanane! Na mimi hapa naitwa bwana, napewa kiti cha mbele kanisani.

Wewe unayesoma haya katika nyumba yako ya matofali, umevaa tai, dirisha umefunga, mbabula iko miguuni: usinicheke, wewe ni mimi. Makala mekundu yasiyo na moshi yanaua. Hayanuki, hayakohozi mtu. Yanaleta kichwa kuuma, usingizi, kichefuchefu, kisha basi. Toa mbabula nje kabla ya kulala. Ukiwa nayo ndani mchana, acha mlango na dirisha wazi, na baridi iingie! Blanketi halijaua mtu. Mwenzako akianguka, mvute kwenye hewa kwanza, maswali baadaye. Na muuguzi akikuuliza, sema kweli.

Jina langu sikuliandika hapa, maana uoga bado ninao. Lakini gazeti hili likitoka nitalipeleka kwa katekista wa kijiji cha mama mkwe, alisome mbele ya watu wote, pamoja na barua moja. Barua hiyo nimeitia sahihi.