Skrini Inayonyonya Rangi Machoni

Kinyozi wangu wa mtaani kwetu, Mount Dennis, ndiye aliyeniambia, wembe ukiwa shingoni mwangu, kwamba zile skrini za wasanifu zinazoonyesha rangi halisi hazina rangi zake zenyewe. Zinazinyonya machoni mwako.

"Inayotangulia kuisha ni nyekundu," alisema. "Namjua jamaa mmoja, siku hizi anavuka barabara kwa kubahatisha."

Nikaamini, mimi na cheti changu cha usanifu wa vitambaa cha masomo ya jioni. Nani abishane na mwenye wembe?

Balaa ni kwamba kazi yangu ya kwanza ilikuwa nyekundu tupu: kitambaa cha sare ya harusi, rangi ya damu ya mzee. Laptopu yangu iliionyesha kama chai ya maziwa, na mama wa bibi harusi alikwisha kunionya: "Mwanangu, ikitoka vingine utaivaa peke yako, doti zote."

Basi nikaenda duka moja la skrini mji wa jirani, Mississauga, mfukoni nina kipande cha kitambaa alichonipa mama huyo kuwa mfano. Skrini ya kwanza iling'aa hata ndege ingeweza kutua kwa mwanga wake. Ya pili ilikuwa imepoa, haina makuu. Nikamwomba muuzaji aisogeze dirishani, mbali na taa za njano, nikashika kitambaa kando ya kioo. Mapacha! Nikainunua huku nikiikwepa kwa macho. Kama ni ya kweli kiasi hicho, si ndiyo yenyewe inayonyonya?

Asubuhi ya pili nilikaa nimeikodolea ile nyekundu kwenye skrini, kupepesa naogopa. Nilipoinua macho, ukutani palikuwa na mraba wa kijani. Nikafumba, nikafumbua: kijani. Nikakimbilia dirishani: theluji nayo kijani. Jasho lilinitoka la kufulia mapazia. Nikampigia shemeji yangu, muuguzi.

"Shemeji, nyekundu imeniishia."

"Imekuishiaje? Kwani ulikuwa umeiweka wapi?"

Nikamweleza yote mbiombio, ya kinyozi na ya ukuta. Hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Hebu tazama tena ukutani."

Nikatazama kwa jicho moja, lingine nimelifunika kuliwekea akiba. "Kinafifia… kimeondoka."

"Basi. Jicho likikodolea nyekundu kwa muda mrefu linachoka, ukitazama peupe unaona kijani kidogo, halafu kinapotea. Hata hicho kitambaa kingekufanyia hivyohivyo. Macho yako ni mazima, shemeji. Yapumzishe, kisha umalize kazi ya watu."