Kibaraza cha Shule ya Zamani

Nina hasira na jengo. Najua jengo halina kosa, lakini kila nikienda kwetu Mgeta, lori likikata kona ya mwisho nikaona yale mabati mekundu yanang'aa juu ya matuta ya karoti, roho inanichemka kana kwamba nimekutana na mtu aliyenidhulumu. Wenzangu kwenye lori husema jamani pamependeza. Mimi hugeuza uso upande wa bondeni.

Lilikuwa shule yetu. Mapadri walileta ramani na mabati, mawe wakayaleta bibi zetu kutoka mtoni, kichwani, juu ya ngata za majani makavu ya migomba. Kiwanja kilitoka kwenye ukoo wa mama yangu. Kwetu Uluguruni ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo aliyesema "jengeni hapa" alikuwa bibi mzaa mama, na mumewe alikaa pembeni akisikiliza kama mgeni mwingine yeyote. Alitoa kwa neno la mdomo, watoto wasome. Hakuna aliyefikiri kuna haja ya zaidi ya hapo.

Nilisoma pale mpaka darasa la saba. Miaka mingi baadaye serikali ikajenga madarasa mapya chini, barabarani, ambako magari yanafika hata kipindi cha masika, na watoto wakahamishiwa huko. Shule ya juu ikabaki na mbuzi na popo. Mabati yakaanza kung'oka, mengine kwa upepo, mengine kwa mikono ya watu tunaowajua. Ila kibaraza chake hakikuachwa hata siku moja. Njia zote za vitongoji vya juu zinakutana pale, na waliokuwa wakimshusha mgonjwa kwa machela walimweka kwenye kile kibaraza, nje ya mvua, wakabadilishana mabega kabla ya kuanza ule mteremko mbaya wa kwenda barabarani.

Dada yangu mkubwa alifia hapo. Alikuwa na uchungu wa mtoto wa pili tangu jana yake. Wabebaji waliitua machela ili wapumue, na walipoinama kuinyanyua tena, hapakuwa na haja ya haraka. Mtoto naye akaenda na mama yake. Alituachia binti mmoja mdogo, na kwetu mtoto wa dada yako ni mtoto wako, hakuna mjadala. Tukamlea mimi na mama. Akakua, akaolewa kitongoji cha juu zaidi, kule ambako ukungu unaingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi.

Sasa miaka hii ya karibuni tukasikia kwamba kamati ya halmashauri inakuja kuamua hatima ya lile gofu. Ukoo ukanituma mimi nikaseme. Mimi nakaa Mwembesongo, nashona sare za shule na magauni ya kipaimara, na kwa watu wa mlimani mtu akishakaa mjini basi anajua kuongea na wakubwa. Hawajui kwamba wakubwa ninaoongea nao mimi ni wale wanaoniletea suruali niwaongezee kiunoni.

Kikao kilifanyika kwenye darasa moja la ile shule mpya. Wajumbe walikaa mbele kwenye meza ya mwalimu, sisi wananchi tukabanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Pembeni yake alikaa mhandisi, kijana mwembamba aliyevaa viatu vyeupe, na sijui nani alimdanganya kuhusu udongo wa kwetu.

Mhandisi akasema kuna njia tatu: kulibomoa na kuuza mawe, kuliacha lianguke lenyewe, au kulikarabati. Kulikarabati, akasema, ni gharama kubwa, halmashauri haina fungu.

Nikasimama. Nikasema sisi tunaomba zahanati. Vyumba vipo, maji ya mtoni yapo karibu, njia zinakutana pale. Nikasema wanawake wetu wanazalia njiani, na wengine wanafia njiani, na mmoja wao alikuwa dada yangu tumbo moja. Niliposema hivyo sauti ilikatika, nikachukia kwamba imekatika mbele yao.

"Pole sana, mama yangu," mwenyekiti akasema. "Hakuna anayekataa zahanati hapa. Tatizo ni gharama. Sasa kama wananchi mngechangia nguvu zenu, ile gharama ingeshuka, na sisi tungekuwa na mahali pa kuanzia."

Nguvu za wananchi. Nimelisikia neno hilo tangu nikiwa na meno ya utoto. Lakini siku ile nililipokea kwa mikono miwili, kwa sababu lilisemwa mbele ya watu, na mama yangu aliyekuwa amekaa dawati la nyuma aliitikia kwa kichwa. Tulitoka pale tunaongea kwa sauti kubwa kama watu waliotoka harusini.

Jumapili, baada ya misa, katekista akatangaza msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, na watu wakaja. Walikuja wakati karoti zina bei nzuri na madalali wa Dar wamejaa barabarani wakigombea mizigo, watu wakaacha mashamba yao wakaja kubeba mchanga. Wanaume walichonga mbao, wanawake tulipanda na maji, mawe na chakula. Ndugu zetu walioolewa Mlali walituma saruji waliyochangishana. Jirani yetu mmoja, fundi bati, alipanda juu ya paa asubuhi akashuka jioni, siku baada ya siku, hakudai hata soda. Mama yangu, na umri wake ule, alipiga lipu kibaraza chote kwa mkono wake. Hakutaka kusaidiwa. Kila mtu alijua kwa nini, na hakuna aliyemsemesha.

Mwanangu, yule binti wa marehemu, alikuwa na mimba changa. Tulimkataza kubeba ndoo, akawa anasubiri tugeuke ndipo abebe. "Nabebea chumba changu," alikuwa akituambia, anacheka. Nilikuwa nimesharudi mjini na kupanda tena mara kadhaa, nimewaudhi wateja wangu wote, na sijali. Sikumbuki kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile nikiwa nimechoka namna ile.

Jengo lilipokwisha tukawaita. Kamati ikaja, safari hii wakapanda wenyewe mpaka juu, wanahema. Mhandisi alikuwa na buti. Wakazunguka, wakagonga kuta, wakatazama mandhari. Waliitazama sana ile mandhari. Kutoka kibarazani unaona mabonde yote mpaka Mlali kwenye tambarare, na asubuhi mawingu yako chini yako. Sisi hatukuwahi kuiona kama kitu. Pale tulikuwa tunatazama mguu utue wapi.

Kikao cha pili kilifanyika humo humo ndani, harufu ya chokaa bado mbichi. Mwenyekiti alitusifu kwanza. Alisema kata yetu ni ya mfano, ana nia ya kuitaja kila mahali. Akatuomba tujipigie makofi, na sisi, wajinga, tukajipigia.

Kisha akasema kamati imepima gharama upya. Zahanati, akasema, si kuta. Zahanati ni mhudumu, dawa, kitanda, umeme, tena kila mwaka, na hairudishi kitu. Halmashauri inahitaji mapato ya ndani. Na sasa amejitokeza mwekezaji, anataka nyumba ya kulala wageni wanaokuja kutembea milimani, na zamani jengo lilikuwa bovu, asingelitaka, lakini kwa hali liliyofikia sasa yuko tayari hata kesho.

"Yaani zahanati inakula, wageni wanalipa," mjumbe mmoja akamsaidia, tusije tukawa hatujaelewa.

Tulikuwa tumeelewa. Tulikuwa tumeishusha gharama, kweli, kama tulivyoombwa. Tulimshushia mwekezaji.

Nilisimama bila kupewa nafasi. Nikawauliza kiwanja hiki ni cha nani. Mwenyekiti akaniuliza kwa upole kama tuna hati. Nikasema bibi yangu alikitoa kwa shule. Akasema sawasawa kabisa, mama, alikitoa kwa shule, na shule ni ya serikali. Lilipokuwa gofu liliitwa jengo la wananchi, kila mtu kikaoni aliliita hivyo. Lilipopata bati likawa mali ya halmashauri. Nilisema maneno mengi pale, mengine hayafai kurudiwa na mtu anayekwenda kanisani. Nikaambiwa nipunguze jazba. Asante ya punda ni mateke, nikawaambia, nikatoka nje nikakaa kibarazani, kwenye lipu ya mama, nikalia kwa hasira mbele ya mandhari yao.

Mimba ya mwanangu ilipokuwa kubwa nilimteremsha mjini kabla njia haijawa utelezi. Alikaa kwangu Mwembesongo akingoja, kwenye chumba kimoja na cherehani na marobota ya vitambaa, mtu aliyezoea baridi ya Mgeta anatoka jasho mchana kutwa na mbu wanamla. Mumewe alibaki na shamba. Mwanangu alikuwa ananiuliza kila siku kama kule mvua imeanza. Alijifungua hospitali salama, mtoto wa kike, mzima, ana mapafu ya mchuuzi. Namshukuru Mungu, na bado nina hasira, kwa sababu wenzake wa kule juu hawana mama mdogo Mwembesongo.

Nilipowarudisha mlimani, mwanangu na kichanga chake, nikamkuta mwenyekiti amekaa nyumbani kwetu. Amekaa kwenye kigoda cha wageni, amewekewa chai na viazi.

"Shikamoo, mama," alikuwa amekwisha kumwambia mama yangu, maana alikuwa mtu wa adabu siku zote. Alikuja kueleza kwamba suala la zahanati halijafa. Liko kwenye mpango. Ila utaratibu ni kwamba wananchi watoe kiwanja, wasimamishe boma kwa nguvu zao, na likifika usawa wa kupaua halmashauri ndipo itaezeka. Kwa hiyo alikuwa anaomba, kwa heshima na taadhima, kama ukoo wetu una eneo.

Nilicheka. Kicheko kilinitoka kibaya mpaka mtoto akashtuka akalia. Mwenyekiti alipoondoka nikamwambia mama asitoe hata pa kuchimbia choo. Nikamwambia hawa watu wataliangalia boma likipanda, wakiona limependeza watalipeleka wanakotaka wao. Nikasema mengi, mama ananisikiliza huku anamvua mtoto nguo zilizolowa.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Wewe unakaa mjini, mwanangu. Hospitali iko mlangoni kwako. Hizo hasira zako zitamzalisha nani?"

Jibu nimelitafuta mpaka leo nikiwa kwenye cherehani, nikiwa kanisani, na sijalipata, na hilo ndilo linaloniuma kuliko ule uamuzi wa kamati. Wanajua kwamba sisi hatuwezi kununa. Ndiyo maana wanarudi, tena wanakunywa chai yetu.

Mama alitoa shamba lake la maharage, lile zuri lililo juu kidogo ya shule ya zamani. Katekista akatangaza tena. Watu walikuja, wachache kuliko mwanzo na bila kelele, lakini walikuja, na mimi nilifunga cherehani yangu nikaja.

Kutoka mtoni kwenda shambani kwa mama lazima upite mbele ya jengo. Siku hizi lina uzio wa miti, maua, na viti vya kuegemea kibarazani. Mama alikuwa na jiwe kichwani, mimi nyuma yake na langu, mwanangu nyuma na mtoto mgongoni. Tulipofika pale mama alifanya kama alivyofanya maisha yake yote: akapita uwazi wa uzio, akatua jiwe, akakaa ukingoni mwa kibaraza kupumua. Wageni wawili walikuwa wanakunywa chai. Mmoja akatupungia mkono.

Mlinzi akatoka. Ni yule jirani yetu, fundi aliyepiga yale mabati bila kudai soda. Sasa ana sare na rungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama." Akatazama chini. "Mama, naomba msikae hapa. Si mimi. Tumeambiwa wenye mizigo wapumzikie nje ya uzio."

Mama alikuwa anapitisha kiganja kwenye sakafu, pale pale, taratibu, kama mtu anayekagua kama lipu imeshika.

"Na wenye mgonjwa?" akamuuliza.

Yule bwana akahamishia rungu mkono mwingine. "Nao nje ya uzio, mama."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno tayari, nilikuwa nimeyaweka akiba siku nyingi. Lakini mama alikuwa amekwisha kusimama, ameiweka ngata yake sawa kichwani, ananitazama mimi, si mlinzi.

"Nitwike," akasema.

Nikamtwika.